Miezi tisa na 6 Minute English, televisheni na kadi za Anki: uzoefu wangu

Swali lilikuwa na maneno sita tu: "What would you have done differently?" Mhadhiri aliyekuwa Uingereza aliniuliza kwa simu ya video, tulipokuwa tukizungumzia mradi wangu wa kupunguza dawa zinazoisha muda zikiwa stoo. Nilichosikia mimi ni kitu kama "wotwudjuv", kisha vurugu, kisha kimya cha mtu anayesubiri jibu. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa upole lakini kwa kasi ileile. Mara ya tatu akaniandikia ujumbe, na nilipousoma moyo uliniuma, maana hamkuwa na neno hata moja nisilolijua tangu kidato cha pili.

Mimi ni mfamasia katika hospitali moja mkoani Morogoro. Sekondari yote na chuo kikuu nimefundishwa kwa Kiingereza, na kwa miaka kumi na moja nimeandika ripoti za kazi kwa Kiingereza kila mwezi. Wiki chache kabla ya simu ile nilikuwa nimefanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza ambao alama zake zinafika 9, nikapata 7.5 kusoma, 6.5 kuandika, 6.5 kuzungumza na 6 kusikiliza. Chuo nilichoomba kilitaka 7 kwa jumla, na sehemu yoyote isishuke chini ya 6.5. Kilichonikwamisha, kwa namba kabisa, ni masikio.

Wenzangu kazini walinishauri niongeze msamiati. Nilikubali kwa nusu tu, kwa sababu ya baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye redio ya masafa mafupi, na jioni alikuwa akifuata matangazo ya Special English ya Sauti ya Amerika, yale yaliyoanza mwaka 1959 kwa maneno kama 1,500 tu na usomaji wa polepole. Baba hakuwa akisikiliza mikono mitupu. Alikuwa na daftari, akiandika anachosikia jinsi anavyokisikia. Imla. Nikaamua kufanya hivyohivyo kwa Kiingereza cha kasi ya kawaida, nione hasa ninapopotelea.

Nilichagua 6 Minute English, kipindi cha sauti cha dakika sita cha BBC Learning English. BBC wamekuwa wakifundisha Kiingereza hewani tangu 1943, na ukisikiliza kipindi hiki utaona kwamba wanaijua kazi yao. Watangazaji wawili, mada moja, swali la chemshabongo mwanzoni ambalo jibu lake linatolewa mwishoni, na maneno sita yanayoelezwa katikati kisha yakarudiwa kabla ya kuaga. Maandishi ya mazungumzo yote yanapatikana bure, na sauti unaipakua ukaenda nayo. Nilikuwa napakua matoleo ya wiki nzima Jumapili usiku kwa bando moja dogo, nikayasikiliza kwenye daladala kutoka Kihonda hadi mjini.

Kwa wiki mbili za kwanza nilisikiliza tu, nikafurahi, na sikupata kitu. Nilielewa karibu yote! Ndipo nilipogundua kwamba kipindi chenyewe kimeandaliwa kwa wanafunzi wa kiwango cha kati, na watangazaji wanasoma maneno yaliyopangwa, kwa matamshi safi. Kwa mtu aliyefika mbali kidogo, hazina ya kipindi hiki imo mahali pengine kabisa: ni zile sauti fupi za wageni, zilizokatwa kutoka vipindi vingine vya BBC, ambamo mtaalamu au mtu wa mtaani anazungumza anavyozungumza siku zote. Sekunde ishirini, thelathini, arobaini. Hapo watu hawakusubiri.

Basi nikaacha kufanya imla ya kipindi kizima. Nilichukua sauti hizo tu, nikaandika kila neno kwenye kauntabuku, nikarudia hata mara kumi, kisha nikafungua maandishi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kila nilipohesabu maneno mekundu jambo moja lilijirudia: katika kumi niliyoyakosa, saba au nane nilikuwa nayajua vizuri. "Have", "of", "them", "as", "been". Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinipita.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza hili na ningependa sana mwingine alijue mapema. Kiswahili kinaipa kila irabu haki yake. "Matayarisho" ina silabi tano, na utazisikia zote tano hata kutoka kwa mtu mwenye haraka. Mkazo wetu nao una makazi yake, silabi ya pili kutoka mwisho: píka, pikía, pikiána. Kiingereza hakiendi hivyo. Kinachagua silabi moja au mbili za kubeba mzigo, na zilizobaki kinazibana hadi zinakuwa mguno hafifu ambao wataalamu wanauita schwa. Mguno huo hauna herufi yake katika alfabeti, lakini ndio irabu inayosikika mara nyingi kuliko nyingine zote za lugha hiyo. "Comfortable" ambayo shuleni tuliitamka kwa silabi nne zilizonyooka inatoka mdomoni mwao kama "kámftabl". "Have" inabaki "v" peke yake. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa macho, kama wengi wetu tulivyojifunza kwa kunakili ubaoni, anasubiri silabi ambazo hazitakuja, na wakati anasubiri sentensi imeshaondoka.

Mkazo pia unahama. "Ánalyse", lakini "análysis", kisha "analýtical". Katika taaluma yangu mwenyewe: "phármacy", lakini "pharmacéutical". Nilikuwa nikiyatamka yote kwa mkazo wa Kiswahili, na sikuwa nikiyatambua yalipotamkwa na mwenye lugha yake. Kwa hiyo kila baada ya imla nilifuatisha: nasikia kipande, nasema pamoja na msemaji, kwa kupanda na kushuka kwake, jikoni nikikoroga uji. Wanangu walizoea. Baada ya miezi miwili hivi ya kufuatisha, masikio yalianza kupokea vitu ambavyo mdomo ulikuwa umeshavizoea.

Kipindi hiki ningekipa nyota nne kati ya tano. Kwa aliye kiwango cha kati, tano bila wasiwasi.

Televisheni ilinichukua muda mrefu zaidi kuifaidi. Wengi wa rika langu tulikulia kwenye mabanda ya video, ambako mtafsiri alizungumza Kiswahili juu ya filamu kwa ufundi mkubwa, na sauti ya asili ikawa ni kelele ya nyuma tu. Ukubwani tukahamia kusoma maandishi ya chini. Kwa hiyo nimetazama mamia ya saa za tamthilia za Kiingereza bila kusikiliza Kiingereza. Maandishi ya chini yana raha yake, ila macho yanakimbia kuliko masikio: yakishasoma, sikio linalala.

Nilichofanya ni kukata kipande cha boksi na kukisimamisha chini ya kioo cha televisheni. Dakika tano bila maandishi. Naondoa boksi, narudia dakika zilezile na maandishi ya Kiingereza, kamwe si ya Kiswahili. Kisha narudisha boksi na kutazama mara ya tatu. Kipande kimoja cha dakika tano kinakula robo saa, hivyo sikufanya zaidi ya kimoja kwa siku. Muda uliobaki tulitazama kama familia, kawaida.

Kilichonisaidia kupita vyote kwenye televisheni ni utangazaji wa mpira. Mume wangu haachi mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, nami nikamwomba tuweke sauti ya Kiingereza. Mtangazaji anazungumza kwa kasi kali, lakini anachokisema kinatokea mbele ya macho yako papo hapo, kwa hiyo picha inalishika sikio mkono. Akisema "against the run of play", unaona mwenyewe kwamba timu iliyokuwa imebanwa ndiyo imefunga. Huhitaji kamusi. Siku ya kwanza nilishika jina la mchezaji na neno "goal". Kufikia mwezi wa tano nilikuwa namfuata mchambuzi wakati wa mapumziko, ambapo hakuna tena picha ya kuegemea.

Kwa lafudhi mbalimbali nilitumia Al Jazeera ya Kiingereza, kwa kuwa ndani ya taarifa moja utamsikia Mhindi, Mnaijeria, Mwaustralia na Mwingereza wa kaskazini. IELTS nayo inachanganya lafudhi, na sauti inapigwa mara moja tu kwa maswali yote 40, kwa hiyo si anasa.

Onyo moja kuhusu tamthilia: zinafundisha lugha ya polisi, wapenzi na wagomvi. Maneno kama "gonna" na "no worries" yalinizoea hadi yakaanza kuingia kwenye barua pepe zangu za kikazi, na msimamizi wangu aliniita akanionyesha. Kila neno la televisheni sasa naliandika pamoja na aliyelisema na aliyeambiwa.

Sasa kadi. Anki ni programu ya kukumbukia maneno kwa kadi zenye pande mbili: swali mbele, jibu nyuma. Ilianza mwaka 2006, na jina lake ni la Kijapani lenye maana ya kukariri. Ukijibu vizuri, kadi inakaa siku kadhaa kabla ya kurudi, kisha wiki, kisha miezi. Ukikosa, inarudi upesi. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure. Kwenye iPhone unailipia mara moja, dola 25 hivi. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na kwa sisi wa bando hilo ni kubwa.

Mwanzo nilikosea kwa njia mbili. Kwanza nilipakua mafungu ya maelfu ya maneno yaliyotengenezwa na watu wengine, nikawa najibu kadi za maneno ambayo sijawahi kukutana nayo popote. Yalipita kama maji juu ya jani la mgomba. Pili niliacha mpangilio wa kadi mpya 20 kwa siku. Ulipofika Ramadhani nikapumzika wiki tatu, na niliporudi nilikuta kadi zaidi ya 400 zikinisubiri. Nilikaribia kuifuta programu nzima. Badala yake nilifuta yale mafungu na kuanza upya kwa kadi sita za siku, zote kutoka kwenye maandishi mekundu ya kauntabuku langu. Dakika kumi na tano baada ya sala ya alfajiri, basi.

Siandiki neno moja moja. Upande wa mbele naweka sentensi nzima yenye pengo, pamoja na sauti yake niliyoikata. Upande wa nyuma naweka neno na maneno linayoandamana nayo. Tatizo la Kiingereza cha juu si kujua neno, ni kujua neno hilo linakaa na nani. Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wageni "drink this medicine" miaka yote, kwa kuwa sisi tunakunywa dawa hata kama ni kidonge. Wao wanasema "take". Sisi tunafanya kila kitu kwa "fanya". Wao wana "make" na "do", na mpaka kati yake hauna kanuni, unazoeleka tu. Kadi za aina hii ndizo pekee ninazoweka Kiswahili, ili mtego uonekane.

Miezi mitatu ya mwisho niliongeza orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotayarishwa na Averil Coxhead na kutolewa mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno (neno pamoja na vinyambuo vyake) yanayojirudia kwenye vitabu vya vyuo vya fani zote. Nilikuwa nayajua mengi sana kwa macho, hivyo niliyapitia yote kwa kuyasikiliza kwenye kamusi ya Cambridge ya mtandaoni, nikatengenezea kadi yale tu ambayo mkazo wake ulinishangaza. Yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia.

Anki naipa nyota tano, kwa sharti kwamba kadi ni zako mwenyewe.

Niliporudia mtihani, kusikiliza kulipanda kutoka 6 hadi 7.5, kuzungumza kukafika 7, kusoma kukabaki 7.5. Kuandika hakukusogea hata kidogo: 6.5 ileile. Nasema hili waziwazi, kwa sababu nimewasikia wengi wakidai kwamba ukisikiliza vya kutosha vingine vyote vitafuata. Kwangu havikufuata. Kwa kuandika nimeanza kumlipa mwalimu anayenisahihishia insha mbili kwa wiki, na huko kuna habari nyingine kabisa. Jumla ilitosha 7, na nafasi nimeipata.

Mhadhiri yule tulizungumza tena mwezi uliopita. Anatoka Glasgow, nilikuja kujua baadaye, na bado kuna sentensi zake zinazonipita, hasa akicheka huku anasema. Nilimwomba arudie mara moja tu kwa dakika arobaini.

Asubuhi ya leo nilikuwa na kadi 43. Iliyonishinda ni "thorough", ambayo sikio langu bado linaichanganya na "through", kwa mara ya tano sasa. Inarudi kesho.