Jigglypuff katika Super Smash Bros. Ultimate: tathmini ya mnyonge mwenye hila

Nimemcheza Jigglypuff, kiumbe wa Pokémon aliye duara kama mpira, katika Super Smash Bros. Ultimate kwa muda wa kutosha kujua kwamba anayemchagua kwa nia ya kushinda tu anajitafutia taabu. Mchezo huu wa video wa mapigano, uliotolewa kwa ajili ya Nintendo Switch tarehe 7 Desemba 2018 chini ya uongozi wa Masahiro Sakurai, una wapiganaji zaidi ya 80, na katika orodha hiyo ndefu wamo wengi ambao upanga wao humfikia adui kabla Jigglypuff hajanyoosha mguu wake mfupi. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu mchezo mzima, kwa hiyo mimi nitautazama kutoka ndani ya mpira huu wa rangi ya waridi, nikiwa na swali moja: je, mnyonge amepewa nafasi ya kweli ya kuutumia ujanja wake, au amewekwa pale kwa kuchekesha tu?

Unyonge wenyewe si wa kubuni. Katika hesabu za mchezo uzito wa Jigglypuff ni 68, ilhali Mario ana 98 na Bowser ana 135. Ni Pichu peke yake, mwenye 62, aliye mwepesi kuliko yeye. Kwa kuwa hapa mpiganaji hafi kwa kuishiwa nguvu bali kwa kurushwa nje ya mipaka ya jukwaa, na kwa kuwa kadiri asilimia yake ya madhara inavyopanda ndivyo anavyorushwa mbali zaidi, wepesi wa namna hiyo humfanya aage pambano mapema kwa mapigo ambayo wenzake huyameza na kuendelea. Mwendo wake wa ardhini ni wa kujikokota, wala hana silaha ya kurusha. Juu ya hayo ipo adhabu ambayo haimpati mwingine yeyote: ngao yake ikivunjika, habaki akiyumbayumba kama wenzake, bali hufyatuka juu kama kizibo cha chupa na kufa, hata kama hakuwa ameguswa tangu pambano lianze. Mara ya kwanza yaliponikuta hayo nilidhani mchezo wangu una hitilafu.

Hewani mambo hubadilika. Jigglypuff anaweza kuruka mara tano zaidi baada ya kuondoka ardhini, hushuka taratibu kama unyoya, na kasi yake ya kwenda mbele na nyuma akiwa juu ni miongoni mwa kubwa kabisa katika orodha nzima. Kwa hiyo mchezo wake ni wa kuingia na kutoka: unasogea hadi mahali adui anapodhani atakufikia, unarudi nyuma kidogo, pigo lake linapita bure, nawe unamgusa kwa teke na kuondoka tena. Wasio na subira humfuata mpaka nje ya jukwaa, na huko ndiko methali ya mbio za sakafuni inapotimia kwa maana yake halisi kabisa, kwa sababu yeye bado ana miruko yake mkononi wakati aliyemfukuza ana mmoja tu, akibahatika.

Silaha inayompa heshima ni moja, nayo ni kulala. Unabonyeza chini pamoja na kitufe cha mapigo maalumu, Jigglypuff anafumba macho, na pigo linatoka katika fremu ya 2, yaani picha ya pili kati ya picha zinazounda mwendo kwenye skrini. Mchezo ukiwa unakwenda kwa fremu 60 kila sekunde, hiyo ni sehemu moja ya thelathini ya sekunde, kasi ambayo hakuna jicho litakaloiwahi. Akipatikana, adui hupata madhara ya asilimia 20, huota ua kichwani linaloendelea kumtafuna, na mara nyingi hurushwa juu moja kwa moja hadi nje. Lakini eneo la pigo ni dogo mno. Ni lazima miili iwe karibu kuingiliana. Na ukikosa, unabaki usingizini kwa sekunde kadhaa mbele ya mtu mwenye nafasi ya kuchagua namna ya kukuua.

Wanaoanza hufundishwa njia za uhakika: unampiga adui kwa pigo la kuelekea juu huku ukishuka, anainuka kidogo, unatua, unalala. Njia hizo zinafaa, ila zinategemea asilimia, uzito wa adui na jinsi anavyosukuma kifimbo cha pedi yake. Kwangu utamu wa Jigglypuff uko kwingine, katika woga unaoingia baada ya adui kuuawa hivyo mara moja. Tangu hapo kila ukimkaribia anaruka, anajikunyata ndani ya ngao au anapiga kabla ya wakati, na mateke madogo ambayo mwanzoni hayakumsumbua yanaanza kumpata.

Katika pambano moja dhidi ya Ganondorf nilikuwa nimebakiwa na uhai mmoja, yeye akiwa na miwili. Nilitua mbele yake mara tatu bila kufanya lolote, kila mara nikirudi nyuma. Mara ya nne subira ilimwisha, akainua upanga wake mzito. Nikaelea hadi kifuani pake kabla haujashuka, nikalala, naye akatoweka juu ya skrini. Dakika moja baadaye, tukiwa sasa sawa, nilijaribu ujanja ule ule mahali pale pale na kukosa kwa upana wa kidole. Alinisogelea polepole, akanigeuzia mgongo mara mbili kwa dhihaka, ndipo akaupandisha upanga.

Hila zake nyingine hazistahili maneno mengi. Wimbo wa kuwalaza maadui huwapata walio ardhini tu, unachukua muda mrefu, na aliyelazwa hujinasua kwa kubonyeza vitufe ovyo. Kule kujibingirisha kama gurudumu nako humpeleka Jigglypuff mwenyewe shimoni mara nyingi kuliko kunavyompeleka adui.

Ukumbi wa mazoezi ni mzuri kwa mhusika wa aina hii, kwa kuwa unaweza kupunguza kasi, kumpangia adui asilimia unayoitaka na kupima umbali kwa miraba iliyochorwa jukwaani. Kwa upande wa mtandao siwezi kuusifu mchezo. Mfumo wake husubiri vitufe vya pande zote mbili vifike ndipo uonyeshe tendo, hivyo umbali kati ya wachezaji hugeuka ucheleweshaji wa pedi, na mpiganaji anayeishi kwa fremu 2 huumia kuliko yule anayebahatisha kwa upanga mrefu. Waya wa mtandao husaidia kwa kiasi. Wanaocheza wakiwa chumba kimoja ndio wanaomwona Jigglypuff kamili.

Wapo wanaomchagua kwa sababu ya sifa alizojijengea katika Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001, ambamo Juan DeBiedma, maarufu kwa jina la Hungrybox, alitwaa ubingwa wa Evo, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano, mwaka 2016 akimtumia. Jigglypuff huyo wa zamani alikuwa miongoni mwa wapiganaji hodari wa mchezo wake, na mbinu zake hazihamishiki zote. Marekebisho ya mwisho ya uwiano wa wapiganaji katika Ultimate yalitolewa Desemba 2021, na unyonge wa Jigglypuff wa msingi haukuondolewa.

Kwa hiyo namsifu, kwa masharti. Anayependa kusoma mawazo ya mpinzani na asiyeona haya kufa akiwa amelala atapata hapa burudani ambayo wahusika wenye nguvu hawaitoi. Dhidi ya wazito kama Ganondorf na Bowser, ambao miili yao mikubwa ni rahisi kuiingia, namchagua bila kusita. Dhidi ya wenye panga ndefu na miguu myepesi nimeacha kujidai: raundi ya kwanza naianza naye, kabla mpinzani hajapima urefu wa mguu wangu, na nikiona ameshaupima, raundi ya pili naingia na mwingine.