Nobu za mikisa za kuchapisha kwa resini: uzoefu wangu

Niliagiza nobu (vifungo vya kuzungusha) 24 za mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, na 6 za sinthesaiza kwenye karakana moja ya uchapishaji wa 3D, kwa sababu za dukani zote zilikuwa fupi mno. Umbo na rangi nimeridhika navyo. Mashimo ya kundi la kwanza, hapana.

Mihimili ya voliumu zangu, yaani vijiti vinavyovikwa nobu, ni ya umbo la D: kipenyo mm 6, na pale ilipokatwa bapa unabaki unene wa mm 4.5. Pima mhimili wenyewe kwa kalipa, usipime shimo la nobu kuukuu, maana plastiki ya miaka mingi huwa imeshatanuka. Tena usimpe fundi 6.0 na 4.5 kamili. Kwenye resini, plastiki ya majimaji ambayo printa huigandisha kwa mwanga, mwanga huvuja pembeni na kugandisha utando mwembamba ndani ya tundu, kwa hiyo shimo hutoka dogo kuliko mchoro. Zangu zilikaa vizuri kwenye 6.1 na 4.6. Printa nyingine itataka vipimo vingine, ndiyo maana dai kwanza kibao cha majaribio chenye matundu matano, kuanzia 6.00 hadi 6.20, kila moja likizidi lililotangulia kwa 0.05. Kinakula resini kidogo sana. Fundi anayekataa kukichapisha, tafuta mwingine.

Kundi la kwanza halikuwa na kibao hicho. Nobu zilisukumwa kwa nguvu zikaingia, zikaonekana sawa, kisha zikaanza kupata ufa wa wima ubavuni hata zile zisizoguswa. Resini ya kawaida haina unyumbufu. Ikikaa imetanuliwa na mhimili muda wote, hupasuka. Kuianika kwenye taa ya UV, ile ya kuikomaza baada ya kuchapisha, kupita kiasi kunaizidishia wepesi wa kuvunjika. Kundi la pili lilichapishwa kwa resini inayoiga ABS, plastiki isiyovunjika kirahisi, na hizo hazijapasuka.

Kasoro nyingine ilikuwa resini mbichi iliyonasa ndani ya shimo. Shimo la nobu limezibwa upande mmoja, kwa hiyo alkoholi ya kuoshea haifiki chini, na kinachobaki huganda kwenye UV. Nobu inasimama mm 2 juu ya pale inapotakiwa. Dawa yake ni kitundu cha mm 1.5 kinachotoboka kutoka mwisho wa shimo hadi ubavuni, na kupuliza upepo baada ya kuosha. Kitundu hichohicho huzuia shimo kufyonza kama kikombe wakati wa kuchapisha.

Chini ya nobu acha nafasi ya nati. Nati ya voliumu zenye uzi wa M7 ina upana wa mm 10, lakini kona kwa kona inakaribia mm 11.5, hivyo nilichora uwazi wa mm 13. Nobu isikae kwenye paneli. Acha mm 1, la sivyo itakwangua maandishi.

Mstari wa kuelekeza ndio hukosewa kirahisi kuliko yote. Bapa la D haliko upande uleule kwenye kila voliumu. Weka voliumu katikati kabisa ya mzunguko wake, tazama bapa limeelekea wapi, ndipo uchore mstari ukitazama juu. Mfereji wa upana wa mm 1 na kina cha mm 0.6 unatosha: jaza rangi nyeupe ya akriliki, futa ya juu kabla haijakauka. Mwili wenyewe usiupake rangi, jasho la vidole litaibandua. Agiza resini nyeusi tangu mwanzo.

Kwa mihimili ya duara isiyo na bapa unahitaji skrubu ya M3 ya kubana mhimili kutoka ubavuni, na bushi ya shaba yenye uzi ndani ya kuishika skrubu hiyo. Kwenye PLA, plastiki ya printa za kuyeyusha uzi, bushi huzamishwa kwa joto la pasi ya kulehemu; resini haiyeyuki, kwa hiyo ibandike kwa gundi ya epoksi. PLA ni rahisi zaidi, lakini hulegea karibu nyuzi 60, na mikisa iliyoachwa kwenye gari juani hufika huko.

Ukitaka nyingi zinazofanana, mimina kwenye kalibu ya silikoni. Ila silikoni inayogandishwa kwa platinamu haigandi vizuri inapogusa kielelezo cha resini ya printa, inabaki ikinata. Tumia inayogandishwa kwa bati.