Nyonyo za watoto madukani Mbeya: ipi ununue, ipi uiache mezani

Meza za wamachinga pale Kabwe na maduka ya vitu vya watoto Mwanjelwa zimejaa nyonyo za kila rangi, yaani chuchu bandia za kumtuliza mtoto. Nyingi zimetundikwa kwenye kadi bila pakiti, zinapigwa vumbi la barabara kutwa nzima. Vumbi si hoja kubwa, linachemshwa likatoka. Hoja ni muundo, na muundo mbovu hauchemshiki.

Tuanze na za kuacha. Zipo zinazowaka taa, zenye filimbi, zenye kidoli kilichogundishwa kwenye kishikio, na zenye mnyororo wa shanga. Usinunue hata moja. Kinachowasha taa ni betri ndogo ya kitufe. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Shanga zinachomoka moja moja na zinaenea vizuri kabisa kwenye koo la mtoto. Muuzaji atakuambia zinatoka sana, na hasemi uongo, zinatoka kwa sababu zinapendeza.

Inayopata alama za juu hapa ni ile isiyopendeza sana: silikoni tupu ya kipande kimoja, chuchu, kisahani kinachobaki nje ya midomo na kishikio vyote vimemiminwa pamoja. Haina kiungo cha kuachia. Philips Avent wanatengeneza ya namna hii na inatumika sana hospitalini Marekani, lakini hata isiyo na jina kubwa inafaa ikipita ukaguzi wa mkono utakaoelezwa hapa chini. Kasoro yake ni kwamba silikoni haivumilii meno. Mtoto akishaota meno ya mbele na kuanza kutafuna, inachanika ghafla, na kipande kinabaki mdomoni.

Zinazofuata ni za vipande vitatu, yaani chuchu, kisahani cha plastiki na kishikio. Humo ndimo wamo NUK wa Ujerumani na MAM wa Austria. Ile ya NUK yenye umbo la kupinda ina juu na chini: upande bapa unakaa kwenye ulimi, upande wa mviringo unaelekea kaakaa. Ukimwekea mtoto kinyume, umbo ulilolipia halina kazi. Za MAM zina pande mbili sawa, hivyo gizani usiku hukosei. Pakiti nyingi hujisifu kwamba umbo linalinda meno. Sifa hiyo isikufanye ulipe mara mbili: kinachosogeza meno ni saa ambazo nyonyo inakaa mdomoni na miaka ambayo mtoto anaendelea nayo, umbo linafuata kwa mbali.

Kuhusu raba na silikoni: silikoni ni ile nyeupe inayopitisha mwanga, raba ni ya njano au kahawia. Raba inavutika na inahimili meno vizuri zaidi, ila jua na joto vinaiua. Huku kwetu watu huanika kila kitu kwenye kamba nje, na raba ikianikwa hivyo wiki chache tu inaanza kunata, inavimba na kuwa nyeusi nyeusi. Ikinata, itupe. Anika nyonyo ndani, kivulini, kwenye kitambaa safi. Na kama mtoto anatoka vipele mdomoni kila akiinyonya ya raba, hamia silikoni, huenda raba haipatani naye.

Sasa ukaguzi, na ufanyie pale pale dukani kabla hujatoa pesa. Kisahani kiwe na upana wa sentimita 4 hivi, kipana kuliko vidole viwili vya mtu mzima vilivyobanwa pamoja. Kikiwa kidogo, mtoto mwenye miezi minane anakifyonza chote kikaingia mdomoni. Kiwe na matundu mawili angalau, moja kila upande, ili hata kikiingia hewa ipite. Shika chuchu kwa mkono mmoja na kisahani kwa mwingine, vuta kwa nguvu, kisha zungusha huku unavuta. Ikicheza tu, rudisha. Inusishe pia, harufu kali ya plastiki au petroli ni sababu tosha ya kuiacha. Halafu soma umri: 0–6, 6–18, na 18 kuendelea, yote ni miezi. Nyonyo ya mtoto mchanga kwa mtoto wa mwaka mmoja ndiyo inayopita yote mdomoni.

Kuna kitu kimoja kinauzwa pembeni ambacho si nyonyo kabisa: chuchu ya chupa iliyojazwa pamba au kushonwa nyuma kwa uzi. Hiyo haina kisahani cha kuizuia. Pamba inalowa mate, inaoza, na chuchu ikichomoka inaelekea kooni moja kwa moja. Bora mtoto alie.

Kishikio nacho kina habari yake kwa sisi tunaobeba mtoto mgongoni. Pete kubwa ngumu inamkandamiza shavuni akilaza uso kwenye mgongo wa mama, na Juni na Julai akiwa amefunikwa blanketi juu ya kitenge huwezi kuona. Chagua kishikio bapa cha kitufe au cha silikoni laini, na uhakikishe blanketi halizibi pua. Kamba ya kufungia nyonyo kwenye nguo isizidi sentimita 22, ifungwe kifuani kwa kibanio, isivishwe shingoni hata kwa dakika moja, na ivuliwe mtoto akisinzia, awe kitandani au mgongoni. Baridi ya Mbeya ina kero nyingine: mate yanabaki chini ya kisahani, upepo unapiga, ngozi ya kidevu inapasuka na kuwa nyekundu. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya mgando kidogo, na ipumzishe nyonyo mchana.

Kuchemsha. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Njombe na Makete, kwa kuwa ziko juu zaidi, yanachemka kwenye nyuzi chini ya hizo. Joto hilo bado linaua vijidudu vya kuharisha, ila usiwe na haraka: pakiti ikisema dakika tano, acha kumi. Nyonyo inaelea, kwa hiyo ikandamize kwa kisahani kidogo cha chai kinachovumilia moto ili izame yote, na maji yawe mengi, maana sufuria ikikauka juu ya jiko la mkaa plastiki inaungua chini. Ikipoa, iminye chuchu, maji yaliyoingia ndani yatoke. Yakibaki ni ya moto na yanaweza kumuunguza mtoto. Baada ya hapo, kila siku ni maji ya moto na sabuni. Kuilamba wewe ndiyo umrudishie si kuisafisha, ni kumhamishia bakteria wa meno yako yaliyotoboka. Kila asubuhi ivute na uiangalie dirishani kwenye mwanga. Ukiona ufa au alama ya jino, itupe. Hata isipokuwa na alama, mwezi mmoja hadi miwili inatosha.

Usiichovye kwenye sukari, wala asali. Asali ya Mufindi au Chunya ni nzuri kwa wakubwa, lakini kwa mtoto chini ya mwaka mmoja inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa sumu inayolegeza misuli hadi mtoto akashindwa kunyonya na kupumua. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida.

Kwa mtoto anayenyonya ziwa, nyonyo isubiri kwanza. Wiki tatu hadi nne za mwanzo acha maziwa yakae sawa na uzito upande kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu mtoto mwenye njaa akipewa nyonyo anatulia bila kushiba. Baada ya hapo ina faida moja inayojulikana: madaktari wa watoto Marekani wanaishauri wakati wa kulala kwa sababu inaendana na kupungua kwa vifo vya ghafla vya usingizini. Ikidondoka akiwa amelala, usiirudishe. Kuanzia miezi sita ipunguze, maana watoto wanaonyonya kutwa huumwa masikio zaidi.

Vifuko vya wavu vya kulishia matunda vinauzwa meza hizo hizo. Chukua cha silikoni chenye matundu, uache cha wavu wa kitambaa. Parachichi la Rungwe linaganda kwenye wavu, hata ukisugua linabaki, na kesho yake linanuka.

Kwa mtoto anayenyonya kidole gumba, bidhaa nyingi za kumwachisha hazina maana. Rangi chungu ya kucha inamkumbusha mtoto wa miaka mitatu na zaidi ambaye mwenyewe amekubali kuacha. Kwa mdogo ni adhabu asiyoielewa. Pilipili usiipake kabisa, atajisugua macho. Shubiri inaharisha. Kinachofanya kazi kwa bei ndogo ni soksi ya pamba ndefu iliyovishwa mkononi hadi juu ya kiwiko wakati wa kulala, ikashikizwa kwa nyuzi chache kwenye mkono wa nguo ya kulalia. Pini usitumie. Isibane, kidole chako kipite juu yake.

Na ndiyo sababu, ukilazimika kuchagua, nyonyo inaishinda gumba: inaweza kuondolewa. Kuanzia mwaka mmoja iwe ya kulala tu, kisha ya usiku tu, na ikifika miaka mitatu isiwepo. Tegemea siku chache za kilio. Usikate ncha ya chuchu ili ikose ladha kama wengine wanavyoshauri. Iliyokatwa inachanika na kumezwa.

Kujua kama kinywa kimeshaharibika, mwambie mtoto aume meno ya nyuma halafu apanue midomo. Ukiona ulimi kupitia mwanya katikati ya meno ya mbele ya juu na chini, meno yameachana. Akiacha kabla meno ya ukubwani hayajaota, kwenye miaka sita hivi, mara nyingi mwanya hujiziba wenyewe. Akiwa bado ananyonya gumba baada ya hapo, mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni pa kuanzia kuuliza. Kifaa cha waya kinachowekwa kwenye kaakaa kuzuia kidole hupimwa kwa kinywa cha mtoto mwenyewe. Ukikuta mtu anakiuza mezani, pita.