“Hii ni 4x4, haihitaji matairi ya theluji”: uongo niliouziwa Duluth

Nyota moja, na hiyo ni ya gari, si ya waliouza.

Kama unahamia Duluth, au popote Minnesota, na unatafuta gari la kukuvusha msimu wa baridi, nisome kabla hujatoa pesa. Nilipouliza habari ya matairi pale yadi nilikonunua gari langu, kijana wa mauzo alinijibu bila hata kuyaangalia: “Hii ni 4x4. Matairi ya theluji ni biashara tu, wanataka hela zako.” Akaongeza kwamba theluji ya kwanza ikianguka nibonyeze kitufe cha 4x4 na nikiache hivyohivyo mpaka Aprili. Yote mawili ni uongo, na la kwanza linaua.

Asubuhi moja natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Anayeijua Duluth anajua mji umejengwa kwenye kilima, barabara zinashuka moja kwa moja kuelekea Ziwa Superior. Usiku ule baridi ilikuwa kali mno, na ikifika hapo hata chumvi wanayomwaga barabarani inashindwa. Ikishuka chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit, kama 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi, chumvi ya kawaida haiyeyushi kitu cha maana. Nilikuwa nashuka Lake Avenue kwa gia ya chini, natambaa, nimeacha nafasi kubwa mbele yangu. Taa ya Superior Street ikawa nyekundu. Nikakanyaga breki mapema na kuishikilia bila kuachia, kama inavyotakiwa kwa gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Pedali ikaanza kutetemeka chini ya soli, grr, grr, grr, na gari halisimami. Linakwenda tu. Lilipita kwenye taa nyekundu likiwa ubavu, basi likinipigia honi kutoka kulia, hadi lilipogonga ukingo wa njia ya waenda kwa miguu ng’ambo ya pili. Rimu ya mbele ikapinda. Mimi nilitoka salama, Alhamdulillahi, na hakuna aliyekuwa anavuka.

Naomba hili lieleweke, maana ndilo wanalowadanganyia wageni. 4x4 inapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne. Inakusaidia kuondoka, kupanda mlima, kujinasua ulipokwama. Basi. Breki ziko kwenye magurudumu manne ya kila gari, hata lile la bei ya chini kabisa, kwa hiyo kwenye kusimama 4x4 haikuongezei chochote. Likishaserereka, uzito wote ule unaserereka nalo. Kinachokushikilia kwenye barafu ni mpira unaogusa barabara, hakuna kingine.

Fundi aliyelipokea gari likiwa limevutwa, mzee mmoja mpole wa maneno machache, alilipandisha juu akaniita nione. Akaweka kidole ubavuni mwa tairi, penye herufi DOT, akafuata hadi mwisho wa mstari: 3413. Wiki ya 34 ya mwaka 2013. Matairi mawili yalikuwa ya umri huo, mengine mawili ya saizi tofauti kabisa, jambo ambalo lenyewe linaumiza mfumo wa 4x4. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwepo, kwa macho ungesema yanafaa. Akaniambia nibonyeze kwa ukucha. Haukuzama hata kidogo. Mpira wa tairi la kawaida unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Wa tairi la theluji umechanganywa ubaki laini. Kampuni ya Nokian ya Finland ilitengeneza la kwanza mwaka 1934, kwa ajili ya malori. Hiyo ndiyo “biashara tu” ya yule kijana!

Na zile herufi M+S (tope na theluji) nilizoziona siku ya kununua ni za muundo wa kashata tu, hazithibitishi kwamba tairi ni la theluji. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Yangu hayakuwa nayo. Kuhusu kitufe: kwenye gari la aina yangu kinafunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, na kwenye lami kavu, unapokata kona, gia zinavutana mpaka zinaumia. Mpaka Aprili, kweli?

Nikarudi yadi na picha. Yule yule kijana, kaunta, hakuinua macho kutoka kwenye simu. “Huko kwenu Afrika kuna theluji? Jifunze kuendesha kwanza.” Mbele ya wateja. Mimi nimeendesha Land Rover kwenye utelezi wa Mtae, Lushoto, wakati wa masika, upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Nikamwonesha tarakimu nne nikamwambia anisomee. Hakuweza. Mtu anauza magari kwenye mji wa barafu na hajui kusoma umri wa tairi.

Quebec, kule Kanada, mwenye gari angepigwa faini: kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 matairi ya theluji ni sheria. Minnesota hakuna sheria hiyo, na mkazi wa hapa haruhusiwi hata matairi yenye vijisumari. Umebaki na mpira wako tu.

Nimenunua matairi manne ya theluji, pesa imeuma. Lakini gari ni lilelile, mteremko uleule, na nikikanyaga breki linasimama. Injini haina shida, hita inapasha haraka, na nilikuwa nafikiria kuandika nyota tatu, kwa haki ya gari.

Halafu juzi nimepita pale. Baba na mama wa Kikongo na watoto wao, kijana anawaeleza maneno yaleyale, 4x4 haihitaji. Nikaegesha. Nikamwambia yule baba kwa Kiswahili, “Baba, chuchuma hapa usome hizi namba nne za mwisho.” Akachuchuma, akasoma kwa sauti, mwaka 2014, akanitazama, akamtazama mkewe. Kijana akanifukuza, eti pale ni mali ya watu. Nimeondoka, lakini hawakununua.

Kwa hiyo naondoa hata ile nyota moja. Sina ugomvi na gari. Kutoka yadi nataka hela ya matairi manne na ya rimu, na radhi, mbele ya watu kama nilivyotukanwa mbele ya watu.