Sebule Inavuma Kama Pipa? Nunua Hivi, kwa Mpangilio Huu

Kabla hujatoa hata shilingi, simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia "trrr" ikikimbia kati ya kuta kama njugu zinazomwagwa kwenye sufuria, spika zako hazina kosa. Nyumba nyingi za kupanga hapa Kisumu ni taili chini, plasta ukutani na kioo dirishani, na vyote hivyo huirudisha sauti ilikotoka. Mimi nilibadilisha spika mara mbili kabla ya kung'amua hilo. Aliyeniuzia hakusema neno, na angesema kwa nini?

1. Paneli za rokwuli. Hii ni ile pamba ya nyuzi za mawe inayofungwa kwenye oveni na mabomba ya moto. Mwambie fundi wa mbao akutengenezee fremu yenye kina cha sentimita 10, ujaze pamba, kisha uifunike kwa leso (kanga). Kitambaa chochote kitafaa mradi kipitishe hewa: kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Vaa glavu na barakoa, maana nyuzi zile zinawasha vibaya.

Mahali pa kuzitundika utapajua kwa kioo. Keti kwenye kiti chako, mwenzako atelezeshe kioo ukutani. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo, tia alama. Ukiweza kuiacha nafasi ya vidole vinne kati ya paneli na ukuta, itakula sauti nzito zaidi.

2. Kapeti na pazia. Nenda soko la Kibuye Jumapili, upekue mitumba. Usichague kwa rangi; chagua lile linalokuchosha mkono. Pazia liwe na upana mara mbili ya dirisha ili likunjike, maana mikunjo ndiyo inayofanya kazi. Joto la huku tunalijua, basi mchana sukuma pazia pembeni. Mkeka wa mafunjo unapendeza, ila ni mwembamba. Tandika blanketi nzito chini yake. "Trrr" itapungua, lakini besi, yaani sauti nzito, haitaguswa.

3. Vipande vya sponji. Vile vyeusi vyenye meno ya piramidi vinapendwa sana na wanaojirekodi video. Vyenye sentimita 2 au 3 hula sauti kali tu na kuiacha besi peke yake, hivyo muziki unabaki mzito na wa kuziba. Tena sponji hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Usiibandike karibu na jiko.

4. Trei za mayai. Hapana.

Besi ni kisa kingine. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kibaya sana, kwa kuwa urefu na upana vinachochea mvumo uleule, karibu hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde). Gitaa la besi la benga likigusa hapo, noti moja inameza nyingine zote. Toa spika kwenye kona na usogeze kiti mbele kidogo kutoka ukutani. Hiyo ni bure. Kisha paneli mbili nene zaidi zipeleke kwenye kona, toka sakafuni hadi juu.

Na kama shida yako ni jirani anayegonga ukuta saa nne usiku, hakuna hata kimoja hapa kitakachomsaidia. Punguza sauti.