SegaScope 3-D: miwani inayodai televisheni ya chogo

Miwani ya SegaScope 3-D, inayofanya picha za gemu zionekane zenye kina, ambayo Sega iliitoa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine yake ya gemu ya Master System, ni tofauti kabisa na ile miwani ya karatasi yenye kioo chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Kila jicho limewekewa kioo cha LCD kinachojiziba na kujifungua kwa kasi: televisheni inapochora picha ya jicho la kulia, kioo cha kushoto huwa cheusi, kisha zamu hubadilika. Kwa sababu hiyo rangi za gemu hubaki zilivyo, na kwangu hilo ndilo jambo linaloipa hadhi hadi leo.

Gemu iliyonishawishi ni Space Harrier 3-D, ambamo mchezaji huruka mbele kwa kasi huku akipiga risasi. Katika toleo la kawaida mchezaji hukisia umbali wa mti au nguzo kwa kuangalia jinsi inavyozidi kukua, lakini hapa nguzo inaonekana wazi kuwa ipo mbali, halafu ipo karibu, halafu inapita begani, kiasi kwamba mara ya kwanza niliinamisha kichwa. Missile Defense 3-D, inayochezwa pamoja na bunduki ya Light Phaser, nayo ni nzuri. OutRun 3-D, gemu ya kuendesha gari, haikunigusa sana, kwa kuwa barabara yake ilikuwa tayari inasomeka vizuri bila miwani.

Gharama yake ni mtetemo wa mwanga. Televisheni ya Marekani au Japani huchora picha 60 kwa sekunde, hivyo kila jicho hupata 30. Kwa televisheni za Ulaya zenye 50, kila jicho hubaki na 25, na hapo mtetemo huonekana zaidi. Picha pia hufifia. Funga mapazia, zima taa ya tyubu, na upumzishe macho mara kwa mara. Televisheni bapa za siku hizi hazifai, kwa maana hazichori picha kwa mpigo ambao miwani inautegemea. Ni lazima iwe ya chogo.

Muuzaji mmoja wa vitu vya zamani aliniuzia miwani bila adapta, nami nikakaa nayo miezi kadhaa bila kuitumia. Waya wa miwani huingia kwenye adapta, na adapta huchomekwa mahali pa kuwekea kadi mbele ya mashine, sehemu ambayo Master System II, toleo la baadaye la mashine hiyo, haina kabisa. Kwa hiyo ulizia adapta kabla ya bei. Ikiwezekana, gemu ya 3-D iwashwe mbele yako, kisha uinue miwani kuelekea dirishani: vioo vyote viwili vinapaswa kumetameta, na kile kinachobaki kimetulia na cheupe kimekufa.