Milima ya Iringa: baiskeli ya gia au ya zamani?

Kupanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, ya gia inashinda, hakuna ubishi. Unapunguza gia, unakanyaga taratibu, unafika juu pumzi ipo. Yangu ya zamani, tairi inchi 28, haina gia hata moja. Kipande kile nashuka naisukuma. Mvua ikinyesha, breki zake za vyuma zinateleza kwenye rimu. Pedali ya kushoto nayo inalia kila ikizunguka, na watoto nyumbani wanaijua sauti hiyo nikiwa bado kwenye kona. Naipenda hivyo hivyo.

Mzigo ndio unaonifanya nisiiuze. Baiskeli nyingi za gia hazina hata keria. Hii unaipakia gunia la mahindi, unalikaza kwa mpira wa tyubu, na fremu inatulia kabisa. Spoki ikikatika, fundi wa chini ya mti anamaliza kazi kwa spana na koleo. Mtambo wa gia ukipinda, kijijini utasubiri spea.

Mwanafunzi wa mjini achukue ya gia. Anayelima Kalenga na kuuza mjini, achukue ya zamani, ila akague rimu na gololi kabla ya kulipa.